Gari libaki nyumbani: mwongozo kamili wa kwenda kazini kwa miguu Dar es Salaam

Wenye magari wengi wa Dar es Salaam wanaijua bei ya lita ya petroli kwa kichwa, lakini waulize safari moja ya kutoka nyumbani hadi ofisini inawagharimu shilingi ngapi, utaona wanasita. Si ajabu. Mafuta yanawekwa ya elfu ishirini Jumatatu na ya elfu kumi Alhamisi, maegesho yanalipwa kwa simu, gari linaoshwa Jumamosi, fundi anapitiwa mwisho wa mwezi. Hela inatoka kidogo kidogo kwa milango mingi, na hakuna mlango mmoja unaotisha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kati ya kilomita mbili na nane kutoka kazini kwake na ana gari analoliendesha kila siku. Mimi natembea kutoka Magomeni hadi Posta, katikati ya jiji, kwa hiyo mifano mingi ni ya njia za kuingia mjini, ila hesabu na maandalizi yatamfaa pia mtu wa Mwanza, Arusha au Dodoma.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya siku moja, na uipige kwa haki

Chukua mtu wa Kinondoni anayefanya kazi Posta, kilomita 6 kwenda na 6 kurudi. Ana Toyota IST. Barabara ikiwa wazi gari hilo halili mafuta, lakini kwenye foleni ya Salender na kiyoyozi kimewashwa, tuseme linakwenda kilomita 10 kwa lita. Anatumia lita 1.2 kwa siku. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa hesabu hii tuchukue 3,000 kwa lita, nawe weka bei ya mwezi wako. Mafuta yanafika 3,600. Maegesho tuyakadirie 2,500 kwa siku.

Kisha kuna uchakavu, ambao wengi hawauhesabu kwa sababu hauji kila siku. Kama kubadilisha oili na filta kunakula 150,000 kila kilomita 5,000, hiyo ni shilingi 30 kwa kilomita. Matairi manne ya 480,000 yakitembea kilomita 40,000, ongeza shilingi 12. Kwa kilomita 12 za siku ni kama 500. Breki, shoksi na taa tumeziacha nje, na kwenye barabara zetu si kitu kidogo.

Jumla ni 6,600 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 145,200 kwa mwezi. Ukitoa mwezi wa likizo, kwa mwaka ni 1,597,200.

Haki inakuja hapa: usihesabu kama akiba kitu ambacho utakilipa hata gari likilala. Bima utalipa. Mkopo wa gari, kama upo, utalipa. Thamani ya gari itashuka kwa umri hata usipoliwasha. Leseni ya mwaka ya gari haimo tena, kwani ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na ushuru wa mafuta ukapandishwa shilingi 40 kwa lita kufidia. Maana yake ni kwamba mchango wako wa barabara siku hizi unaulipa kwa lita, na lita usiyoichoma huilipii.

Sasa linganisha njia nne za kufika Posta. Kwa gari, 6,600. Kwa daladala kwenda na kurudi, kwa nauli ya 600, unatumia 1,200 na unabakiwa na 5,400. Ukitembea upande mmoja na kupanda upande mmoja unabakiwa na 6,000. Ukitembea kote unabakiwa na 6,600 yote.

Ziangalie tena hizo namba. Sehemu kubwa ya akiba inapatikana gari likishalala nyumbani, hata usipotembea hatua moja. Miguu inaongeza ile 1,200 ya mwisho. Nalisema mapema kwa sababu watu wengi huanza kwa nguvu, wanatembea kwenda na kurudi siku tatu, miguu inavimba, siku ya nne wanarudi kwenye gari na kusema jambo hili haliwezekani. Anayetembea asubuhi na kupanda daladala jioni ameshika asilimia 90 ya akiba yote. Hana sababu ya kujitesa kwa ajili ya ile kumi iliyobaki.

Basi kwa nini kutembea, kama daladala inatosha? Kwa sababu ya muda. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama kilomita 5 kwa saa, yaani dakika 12 kwa kilomita, na dakika hizo hazibadiliki. Kilomita 6 ni saa moja na dakika 12 Jumatatu, na ni saa moja na dakika 12 Ijumaa ya mwisho wa mwezi wakati mji mzima umesimama. Gari na daladala haviwezi kukuahidi hivyo. Mtu hurudi kwenye usukani siku aliyogombania daladala tatu akazikosa zote na bosi anamsubiri. Ukijua kwamba miguu yako itakufikisha saa 1:50 kamili, huo mtego umeuepuka.

Hatua ya 2: Jua wewe ni wa umbali gani

Pima kwa ramani ya simu, na chagua alama ya mtu anayetembea, kwa sababu njia ya miguu mara nyingi ni fupi kuliko ya gari.

Chini ya kilomita 3, kama Upanga, Kariakoo au Gerezani kwenda Posta, tembea kwenda na kurudi. Hata kwenye foleni nyepesi, gari likitafuta maegesho linakuwa halijakuzidi.

Kilomita 3 hadi 7 ndipo walipo watu wa Magomeni, Ilala, Kinondoni na Oysterbay. Anza na upande mmoja.

Zaidi ya 7, changanya. Mtu wa Kimara au Mbagala hawezi kutembea mpaka mjini kila siku, na simshauri. Anachoweza ni kuangalia kama safari yake ina magari mawili. Wengi hushuka Kariakoo au Ubungo na kuunganisha gari lingine kwa kipande cha kilomita mbili. Tembea hicho kipande. Ukiondoa nauli ya 600 asubuhi na 600 jioni, ni 26,400 kwa mwezi, na hii inamhusu hata asiyekuwa na gari kabisa.

Mtu wa Kigamboni yuko kwenye nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Akivuka na gari, kwa pantoni au kwa Daraja la Nyerere, analipia gari. Akivuka kwa miguu pale Magogoni analipa shilingi 200, anashuka Kivukoni, na kutoka hapo mpaka Posta ni mwendo wa dakika kama 20 kando ya bahari na ofisi za serikali, njia yenye lami na vivuli. Bodaboda wa pale watakuita. Wasalimie, endelea.

Hatua ya 3: Itembee njia siku ya Jumapili

Usiitembee njia kwa mara ya kwanza siku ya kazi. Nenda Jumapili asubuhi, bila haraka, umevaa viatu vile vile utakavyotumia. Ukiiona ni nzuri, irudie Jumamosi jioni, saa ile utakayokuwa unarudi. Kila njia ina sura mbili, na njia tulivu asubuhi inaweza kuwa kichochoro kisichopitika saa moja usiku.

Angalia mambo haya unapotembea. Je, kuna njia ya waenda kwa miguu, au unatembea kwenye lami pamoja na malori? Inapoisha, unavukia wapi? Mitaro imefunikwa, au kuna mifuniko iliyoibwa? Bodaboda wanapanda kwenye njia ya miguu saa ngapi? Kuna kivuli upande gani? Choo kiko wapi? Vituo vya mafuta na misikiti ndiyo msaada wa kwanza. Na maji yakijaa, sehemu ipi itakuwa ya kwanza kufungwa?

Njia ya Magomeni naifahamu vizuri, kwa hiyo niieleze. Barabara ya Morogoro ilipanuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kubeba abiria mwaka 2016, na pamoja na vituo vile vya katikati zikajengwa njia pana za miguu pembeni. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa sababu ya mradi huo, na kwa anayetembea, faida iliyobaki kila siku ni ile njia ya pembeni. Unatoka Magomeni Mapipa, unashuka bonde la Jangwani, unapanda hadi kituo cha Fire. Kutoka Fire una uamuzi. Ukinyoosha na Barabara ya Morogoro unapita chuo cha DIT, unavuka Barabara ya Bibi Titi na kuingia Kisutu: ni fupi, lakini jua ni lote na watu ni wengi. Ukikata kushoto kuingia Upanga unaongeza dakika chache, ila unatembea chini ya miti karibu mpaka mjini. Kuanzia Desemba hadi Machi mimi nachagua miti bila kufikiri mara mbili.

Jangwani ina sharti lake. Mto Msimbazi ukijaa, barabara hufungwa kwa kila mtu, mwenye gari na mwenye miguu. Uwe na mpango wa pili wa siku hizo.

Wa Kinondoni hupita Salender. Wa Oysterbay na Masaki wana Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lenye njia ya miguu pande zote mbili na upepo wa bahari usiolipiwa. Popote penye ujenzi wa barabara, kagua njia upya kila mwezi, maana uzio wa wakandarasi huhama bila taarifa.

Hatua ya 4: Viatu kwanza, vingine baadaye

Kama kuna kitu kimoja cha kutolea hela ni viatu. Viatu vya ofisini vya ngozi vitakumaliza ndani ya wiki, na mchuchumio usiufikirie kabisa. Nunua raba.

Raba nzuri za mtumba zinapatikana Karume, Ilala, ila zikague. Kwanza, zikunje: inatakiwa ikunjike pale mbele vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo. Ikikunjika katikati, iache. Pili, iweke mezani uiangalie kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na mwendo huo utahamia kwenye magoti yako. Tatu, vuta soli taratibu pembeni kwa kidole. Gundi ya kiatu kilichokaa miaka stoo hukauka, na kitaachia siku ya mvua ya kwanza. Mwisho, jaribu viatu mchana au jioni, si asubuhi, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu iwepo nafasi ya upana wa kidole gumba.

Soksi za pamba tupu hushika jasho na kulitunza, na hapo ndipo malengelenge yanapozaliwa. Tafuta za michezo zilizochanganywa nyuzi. Wiki za mwanzo paka mafuta ya mgando kwenye kisigino na kando ya kidole kidogo kabla ya kuvaa. Lengelenge likitokea usilitoboe. Lifunike na plasta, kesho panda daladala, lipone kwanza. Ukucha mrefu ni adui: kata kila wiki.

Viatu vya ofisi viache ofisini, chini ya meza au kwenye droo. Dada zetu wanaovaa mchuchumio kazini wanaweza kuacha jozi mbili za rangi zinazoendana na nguo nyingi, na tatizo limekwisha.

Begi liwe la mgongoni, lenye mikanda miwili. Mkoba wa begani unavuta bega moja na ndio unaopendwa na wakwapuaji. Ndani weka shati, taulo ndogo, chupa ya maji ya nusu lita, mwavuli mdogo na mfuko mzito usiopitisha maji wa kufungia laptopu na makaratasi. Usizidishe.

Hatua ya 5: Jua na jasho

Hili ndilo swali la kwanza ninaloulizwa, na watu huuliza kwa sauti ya chini: nikifika nimelowa je?

Jibu lina sehemu tatu. Ya kwanza ni saa ya kutoka. Jua la Dar huchomoza karibu saa 11:55 alfajiri mwezi Novemba, na mwezi Julai huchelewa mpaka karibu saa 12:36. Ukitoka saa 12:35 asubuhi unapata mwanga bila ukali. Ukitoka saa 1:30 umeshachelewa, joto la chini limeamka. Ya pili ni mwendo. Tembea kawaida, na dakika 10 za mwisho punguza kabisa. Jasho huendelea kutoka hata baada ya kusimama, kwa hiyo mtu anayefika kwa kasi na kuingia moja kwa moja kwenye lifti ndiye anayelowa. Ya tatu ni dakika 15 za kujiweka sawa: kaa chini ya feni mpaka mwili upoe, ndipo uende chooni na taulo uliyoilowesha, ujifute uso, shingo na makwapa, ukauke, uvae shati la kazi. Ukibadilisha shati kabla mwili haujapoa, umelowesha shati la pili.

Tembea na fulana nyepesi, shati la kazi libebe limeviringishwa, si kukunjwa, halitakuwa na mistari. Au siku moja ya wiki unayopanda daladala beba mashati yote ya wiki na uyatundike ofisini.

Mwezi mzuri wa kuanza ni Juni. Juni hadi Agosti kuna upepo na asubuhi za ubaridi, mwili unazoea kabla ya joto la Desemba. Anayeanza Februari anaanzia mlima mkali kuliko wote.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni iliyotangulia. Mvua nyepesi mwavuli unatosha. Mvua kubwa, panda daladala au mwendokasi, na usilitoe gari, kwa sababu siku hizo ndizo foleni hukaa saa tatu na maji huingia kwenye injini. Usitumbukize mguu kwenye maji yaliyotuama usiyoona chini yake. Kuna mitaro isiyo na mifuniko, kuna nyaya, na kuna uchafu wa vyoo unaotapishwa makusudi msimu huo.

Hatua ya 6: Usalama barabarani na usalama wa mfukoni

Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia wa barabara, ukiyatazama magari yanayokuja. Kwetu magari hupita kushoto, hivyo anayetembea kushoto ana magari mgongoni. Kwenye pundamilia usiamini rangi, amini macho ya dereva. Gari la kwanza likisimama, chungulia kwanza njia ya pili, kwa sababu bodaboda hupita pembeni ya gari lililosimama. Njia ya mwendokasi ivuke palipowekwa pa kuvukia tu. Yale mabasi hayana foleni na huja kwa kasi upande ambao akili yako imezoea kuona mtupu.

Spika za masikioni ziache. Simu ikiita, simama, geuka ukutani, pokea. Wakwapuaji wa pikipiki huja kwa nyuma na huchagua aliyeshika simu upande wa barabara.

Jioni, hesabu jua. Mwezi Juni linazama kama saa 12:14, na mwezi Februari karibu saa 12:48. Kama kazi yako inaisha saa 11:30 na una saa nzima ya kutembea, Juni utamalizia gizani. Hapo upande wa kutembea uwe asubuhi. Kwa wanawake nasema wazi: barabara kubwa yenye maduka na taa, hata kama ni ndefu kwa robo saa, ni bora kuliko mkato. Na tafuta mwenzako wa njia. Katika mtaa wowote kuna dada au mama anayeelekea upande huohuo saa hiyo hiyo. Mkisalimiana siku mbili tatu mtaanza kungojana.

Hatua ya 7: Ratiba ya miezi miwili ya kwanza

Wiki ya kwanza na ya pili, asubuhi moja tu kwa wiki, Jumatano. Wiki ya tatu na ya nne, asubuhi mbili, zisifuatane. Mwezi wa pili, asubuhi tatu. Hapo simama uangalie mwili unasemaje. Maumivu ya misuli ya ndama ni kawaida na huisha. Maumivu ya mfupa wa mbele ya mguu, goti au kisigino asubuhi unapokanyaga chini ni ishara ya kupunguza.

Siku zisizo za kutembea ni za daladala, tangu siku ya kwanza. Tumeshaona kwamba hela iko hapo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Asubuhi tatu za dakika 72 ni dakika 216. Kama unalipa ada ya jimu unayokwenda kwa kusuasua, hapo kuna hela nyingine. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kisukari amwone daktari kabla ya kuanza, na mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, kwa sababu anaweza kupata kidonda bila kusikia maumivu.

Hatua ya 8: Itoe hela siku ileile

Akiba ya mafuta haionekani. Hakuna anayekupa 6,000 mkononi kwa sababu umetembea. Inabaki tu kwenye simu pamoja na nyingine, na kufika tarehe 20 imeliwa. Kwa hiyo fanya hivi. Jioni ukifika nyumbani, ile 6,000 iingie kwenye kibubu kwa noti halisi. Ijumaa itoe, iweke benki, SACCOS, kikoba chenu au mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS. Usihamishe kwa simu kila siku, makato yatakula pembe zote. Kama huwezi noti za kila siku, tumia siku yako ya mafuta: Jumatatu uliyozoea kuweka ya elfu ishirini, weka elfu ishirini hiyohiyo kwenye akiba.

Kuna vitu vitatu vinavyoila akiba hii kimyakimya. Cha kwanza ni njia yenyewe. Anayetembea huona njaa, na njiani kuna supu, chapati, juisi ya miwa na mahindi ya kuchoma. Kunywa chai nyumbani kabla ya kutoka, beba maji yako, na jiwekee siku moja ya supu kwa wiki, uifurahie kwa amani. Cha pili ni bodaboda ya uchovu: kilomita mbili za mwisho unakata tamaa, unapanda, na 2,000 imekwenda. Bora ukae dakika tano kivulini, unywe maji, umalize.

Cha tatu ndicho kikubwa, nacho ni gari lililobaki nyumbani na ufunguo mezani. Mdogo wako ataliona. Shemeji atakuwa na msiba Kibaha. Watoto watataka kupelekwa mahali ambapo jana walitembea. Baada ya mwezi unakuta umetembea kwa miguu na mafuta yametumika yaleyale. Zungumzeni nyumbani mapema, wewe na mwenzako: gari linatoka kwa ajili ya nini, na nani anaweka mafuta. Andika namba ya kilomita za dashibodi kila Jumapili. Ile namba haidanganyi.

Watasema umefulia

Siipi namba hatua hii kwa sababu haina siku yake, itakuja tu. Kwetu gari ni heshima, na mtu aliyeonekana na gari jana akionekana na raba leo, jirani anaulizia fundi na mfanyakazi mwenzako anaulizia mshahara. Wengine watasimamisha gari na kukupa lifti kwa huruma. Jibu moja fupi linatosha: natembea asubuhi, gari lipo. Usieleze hesabu zako za akiba, maana atakayejua una hela pembeni atakuja kuikopa. Lifti ya mzee au bosi ikubali siku moja moja kwa adabu, na kesho yake endelea na njia yako. Baada ya mwezi wa pili hakuna anayeuliza, na wawili watatu wataanza kukuuliza ulinunua wapi raba.

Kama kazini unalipwa posho ya usafiri, ni yako, haijalishi umefika kwa nini. Isipokuwa kama inalipwa kwa risiti za mafuta. Hapo usilete risiti ya safari usiyoifanya.

Hatua ya 9: Litunze gari linalolala

Gari likiachwa huoza. Mara moja kwa wiki liendeshe nusu saa nje ya foleni. Kuliwasha dakika tano uani hakusaidii, kunanyonya betri bila kuirudishia na kuacha unyevu kwenye oili. Safari ya soko kubwa au ya kanisani iwe ndiyo hiyo. Likilala zaidi ya wiki mbili, chomoa waya hasi wa betri. Pima upepo wa matairi kila mwezi. Liegeshe kivulini, na fungua boneti kila wiki uangalie panya, kwani hupenda kujenga kwenye injini iliyopoa na hutafuna nyaya ambazo fundi atakutoza sana kuzirudisha. Oili ibadilishwe hata kama kilomita hazijafika, angalau mara moja kwa mwaka.

Bima ikifika mwisho utajiuliza kama uhame kutoka bima kubwa kwenda bima ndogo, kwa kuwa gari halitembei sana. Bima kubwa huhesabiwa kwa thamani ya gari, hivyo tofauti ni kubwa. Ila bima ndogo hailipi gari lako likiibwa au kuungua. Kama lina mkopo wa benki, huna uamuzi. Kama halina, jiulize: likiibwa usiku wa leo, utaweza kununua lingine bila kukopa? Ukijibu hapana, baki na bima kubwa.

Baada ya miezi sita zisome zile namba za Jumapili. Nyumba yenye magari mawili ambayo kwa pamoja yanatembea chini ya kilomita 100 kwa wiki inaweza kuuza moja, na hapo ndipo bima na kushuka kwa thamani navyo vinaingia kwenye akiba. Ukifikia kuuza, angalia kwanza madeni ya maegesho na faini za trafiki kwenye namba ya gari na uyalipe yote, muandikiane mkataba mbele ya wakili, kisha mkamilishe uhamisho wa umiliki TRA kabla hujamkabidhi mnunuzi kadi na ufunguo.